Binti kamaliza kidato cha sita na matokeo bado: tusubiri au tuanze?

*"Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwezi huu, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), shule ya serikali. Baba yake alifariki binti akiwa kidato cha pili, namlea mwenyewe hapa Korogwe kwa biashara ya chakula. Amepangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na siku za kuripoti zimekaribia. Walimu wanasema hakosi divisheni ya pili au ya tatu. Baba yake mdogo anashauri tutulie mpaka matokeo yatoke: akipata divisheni ya kwanza asome udaktari, akikosa aende ualimu au arudie mtihani. Mkopo anasema tusiuguse, utamla maisha yake yote. Mwenyewe leo anasema udaktari, kesho famasia, keshokutwa chochote kile. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, na hata la ukoo limeandikwa tofauti. Nina akiba ya laki nane. Nianzie wapi?"*

Mama, pole kwa kulibeba hili peke yako, na hongera kwa kumfikisha hapo. Shemeji yako anakutakia mema, lakini neno lake la kwanza, kutulia mpaka matokeo yatoke, ndilo linalowaponza wengi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Dirisha la kwanza la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa siku hizo hizo na kudumu wiki chache tu, hadi Agosti. Dirisha la mkopo kwa kawaida huwa limeshafunguliwa, na maombi ya diploma za afya huanza hata kabla ya matokeo. Ukianza kutafuta karatasi siku matokeo yanapotoka, utakuwa unakimbizana na ofisi nne kwa pamoja, na binti yuko kambini. Kinachosubiri matokeo ni uamuzi wa mwisho wa kozi. Mengine yote yanafanyika sasa.

Anza na majina, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko pote katika ulichoandika. Mfumo wa mkopo na wa chuo yote inalinganisha taarifa za mtu mmoja, na ufunguo wake ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Jina linaloonekana hapo ni lile shule ililolisajili kwenye Baraza la Mitihani, na Baraza halibadilishi majina baada ya mtihani kufanyika. Kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kuomba cheti cha shule kirekebishwe. Kinachorekebishwa ni upande wa pili, yaani cheti cha kuzaliwa kifuate cha kidato cha nne, au ipatikane hati ya kisheria inayosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja.

Tofauti ikiwa ni herufi au jina la kati lililokosekana, mara nyingi kiapo mbele ya hakimu au wakili kinatosha. Lakini wewe umesema la ukoo nalo limeandikwa tofauti. Kama ni tahajia tu, herufi moja au mbili, nenda ofisi ya RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), ambayo kwa wilayani huipata kwa Mkuu wa Wilaya, uulize kuhusu kurekebisha cheti. Kama ni jina lingine kabisa (kwa mfano hospitali waliandika la babu, shule wakaandika la ukoo), utahitaji wakili akuandalie hati ya kubadili majina isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Hiyo haitoki kwa siku mbili, na binti lazima atie sahihi yake mwenyewe. Ndiyo maana nakusihi mwende kwa wakili kabla hajapanda basi la kwenda kambini, hata kama hati yenyewe itakamilika akiwa huko.

Jina likishakaa sawa, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA. Wengi hawalijui hili: Bodi ya Mikopo haipokei cheti ulichonacho mkononi mpaka RITA wathibitishe kwamba ni halali. Unatuma nakala kupitia mfumo wao wa mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo, unasubiri majibu. Cheti cha kifo cha marehemu mume wako nacho kinapita njia hiyo hiyo, na hicho kina uzito mkubwa kwenye maombi yake. Kama mnacho kibali cha mazishi peke yake, hicho si cheti cha kifo. Peleka kibali RITA wilayani kikuletee cheti. Karibu na mwisho wa dirisha la mkopo foleni ya uhakiki huwa ndefu, ila Mei na Juni kuna nafasi.

Kuhusu JKT. Mafunzo haya ya mujibu wa sheria yalirejeshwa mwaka 2013 na kwa sasa huchukua takribani miezi mitatu. Nasikia wazazi wengi wakitumaini kwamba mtoto akimaliza ataajiriwa jeshini moja kwa moja. Sivyo. Wale wanaoitwa vijana wa kujitolea ni kundi lingine, na hata wao hawana ahadi ya ajira. Binti anakwenda kupata mafunzo, kisha anarudi kuendelea na masomo.

Orodha ya vitu vya kwenda navyo hutolewa na JKT yenyewe pamoja na majina ya kambi, na inataka usahihi: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti ya kijani au bluu. Akipangiwa kambi ya baridi kama Mafinga au Oljoro, ongeza sweta zito. Watu huhangaikia bukta wakasahau mstari wa chini wa orodha ile ile, unaosema aende na nyaraka zote zinazohitajika kwa maombi ya elimu ya juu. Umewekwa kwa sababu ya kweli: maombi ya vyuo na mkopo yatafunguliwa akiwa kambini. Mpe nakala za kila cheti kwenye bahasha ya plastiki, na nakala halisi ubaki nazo wewe isipokuwa pale orodha inapodai vinginevyo. Piga pia picha za vyeti vyote, safi, bila kivuli cha simu juu ya karatasi, uzihifadhi kwenye simu yako na kwenye barua pepe.

Barua pepe hiyo mfungueni sasa, mkiwa wawili, kwa jina la binti. Nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani. Namba ya simu itakayojazwa kwenye maombi yote iwe ambayo itakuwa hewani Julai na Agosti, na hapo namaanisha namba yako wewe, kwa sababu huwezi kutegemea kwamba simu itakuwa mkononi mwake kambini. Binti akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ukienda kwenye laini iliyozimwa, siku za kuthibitisha zinapita na nafasi inaweza kupotea. Na kitu kimoja kuhusu steshenari: vijana wa pale wanasaidia sana, lakini wakiwa na haraka hujaza barua pepe yao na namba yao ili maombi yaende. Siku ya kuthibitisha unakuta kijana kahama mtaa. Kaa naye mbele ya kompyuta mpaka mwisho, usome kila kilichojazwa, na usitoke bila karatasi iliyochapishwa yenye jina la kuingilia.

Sasa tuje kwenye divisheni, ambapo shemeji yako kachanganya mambo mawili kama wanavyochanganya watu wengi. Divisheni ni ya Baraza la Mitihani. Chuo kikuu hakikuchukui kwa divisheni. Kinaangalia alama za masomo yanayohusika na kozi na kuzipa pointi zake, na pointi hizo zinakwenda kinyume na zile za Baraza. Kwa Baraza, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na kadiri jumla ilivyo ndogo ndivyo ilivyo bora. Kwa udahili, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu, na kadiri jumla ilivyo kubwa ndivyo ilivyo bora. Sharti la chini kabisa la Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa kuanzia E kwenye masomo mawili yanayoiongoza kozi, jumla ya pointi zisizopungua 4.

Tazama linavyofanya kazi. Matokeo yakitoka, kwenye mstari wake utaona safu ya AGGT yenye jumla ya pointi, kisha DIV, kisha masomo moja moja. Chukua wanafunzi wawili wenye AGGT 15, wote divisheni ya tatu. Wa kwanza ana E tatu. Masomo yake mawili bora yanampa pointi 2 tu, hivyo shahada hapati. Wa pili ana D ya Kemia, D ya Biolojia na F ya Fizikia. Yake mawili yanampa pointi 4, kwa hiyo anaweza kuomba shahada zinazoongozwa na Kemia na Biolojia. Divisheni moja, pointi zile zile za Baraza, na mmoja anaingia chuo kikuu mwingine haingii. Ukitaka njia ya haraka: kama masomo yote matatu ya mchepuo yana E au zaidi, toa AGGT yake kutoka 18, jibu ni pointi zake za udahili kwa masomo matatu. Mwenye 12 ana 6, mwenye 10 ana 8. Maarifa ya Jamii (General Studies) na BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya wanasayansi wasio na Hisabati kwenye mchepuo) hayamo kwenye hesabu hiyo, ila usiidharau BAM, kwa sababu kozi kadhaa za sayansi zinadai angalau S ya BAM au D ya Hisabati ya kidato cha nne. Mwanafunzi mwenye pointi nzuri huachwa kwa kipengele hicho kimoja asijue kwa nini.

Udaktari wa binadamu una sharti lake: Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, jumla isiyopungua pointi 6. Binti akipata D tatu, divisheni ya pili ya pointi 12, amegusa kiwango cha chini. Hapo wazazi hushangilia, kisha majina yanatoka bila la mtoto. Kiwango cha chini kinakupa haki ya kuomba tu. Chuo kina idadi ya nafasi, kinawapanga waombaji kuanzia wenye pointi nyingi na kukata nafasi zinapojaa. Katika vyuo vya serikali kama MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanaopata udaktari huwa juu sana ya 6. Vyuo binafsi vinavyofundisha udaktari vinaweza kumpokea mwenye pointi za kati, lakini ada yake ni mamilioni kadhaa kwa mwaka, kwa miaka 5, na mkopo si lazima uigharimie yote. Kwa akiba ya laki nane, mama, nakuambia wazi kwamba usimpeleke chuo cha namna hiyo kwa matumaini kwamba "Mungu atafungua njia" mwaka wa pili. Wanaokwama mwaka wa tatu kwa sababu ya ada wana wakati mgumu kuliko aliyechagua kozi nyingine tangu mwanzo.

Kitabu cha mwongozo cha TCU hutolewa kila mwaka na hupatikana bure mtandaoni. Kila kozi imeandikiwa masharti yake, pointi za chini, muda na idadi ya nafasi. Someni safu ya nafasi kwa makini kuliko jina la kozi. Kozi yenye nafasi 30 ambayo kila mwenye PCB anaitaka ni tofauti kabisa na yenye nafasi 300.

Kwa alama za kati za PCB, mlango si mmoja. Uuguzi na sayansi ya maabara ni shahada za afya ambazo nazo mara nyingi hudai masomo yote matatu. Famasia aliyoitaja mwenyewe inashindaniwa karibu sawa na udaktari. Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, Morogoro, kina udaktari wa mifugo wa miaka 5, kilimo cha mazao, sayansi ya wanyama, sayansi na teknolojia ya chakula. Watoto wa PCB huzisahau hizi kwa kuwa hazina neno hospitali. Mtoto aliyekulia kwenye biashara ya chakula asiipite sayansi ya chakula bila kuisoma inahusu nini: usindikaji, ubora, viwango, maabara za viwandani.

Ualimu wa sayansi pia ni kazi kamili, na vyuo vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUCE na MUCE, vinaufundisha kwa miaka 3. Ninachokataa ni lile wazo la kuufanya adhabu ya kukosa divisheni ya kwanza. Asiyetaka kusimama mbele ya darasa la watoto themanini asipelekwe huko kwa sababu tu nafasi zipo. Na tusidanganyane kuhusu ajira. Walimu wapo wanaosubiri, na madaktari wapo wanaosubiri. Hakuna shahada inayotoka na barua ya ajira.

Kuna njia ambayo shemeji yako hakuitaja kabisa, nami ningeiweka mezani kuanzia leo: diploma ya afya. Kwa diploma ya utabibu, famasia na nyinginezo nyingi, kinachotazamwa ni cheti cha kidato cha nne, ufaulu wa kuanzia D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia na Biolojia, na kwa utabibu Fizikia pia. Binti aliyechaguliwa kusoma PCB sharti hilo alishalitimiza miaka miwili iliyopita. Hahitaji kusubiri Julai. Maombi ya vyuo vya afya vya serikali hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, na dirisha la kwanza mara nyingi hufunguliwa Mei au Juni. Masomo ni miaka 3. Akimaliza utabibu anaweza kufanya kazi, na akiwa na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi, pamoja na D za Hisabati, Kiingereza na yale masomo matatu ya sayansi za kidato cha nne, anaweza kuomba udaktari.

Njia hii ni ndefu, kwa sababu miaka 3 ya diploma haimpunguzii ile 5 ya shahada, na si rahisi kurudi darasani ukishazoea mshahara. Lakini kama kweli anataka kutibu watu, mwenye D tatu anaufikia udaktari kwa njia hii kwa uhakika zaidi kuliko kwa kurudia mtihani. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo hutoa mikopo kwa diploma pia katika fani chache za kipaumbele, afya ikiwemo. Kabla ya kulipa senti kwa chuo chochote binafsi cha afya, hakikisha kimesajiliwa NACTVET na kozi yenyewe ina ithibati, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi unayoitaka isiwe na ithibati.

Kurisiti, yaani kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kunafaa pale pengo linapokuwa dogo na sababu yake inajulikana: aliugua wakati wa mtihani, au somo moja lilikosa mwalimu mwaka mzima na sasa amepata wa kumfundisha. Kwa PCB lazima apate kituo chenye maabara, maana mtihani wa vitendo huwezi kuusoma kwenye daftari. Kama amepata E tatu na hakuna kilichobadilika nyumbani wala katika namna anavyosoma, mwaka wa pili mara nyingi huzaa E tatu nyingine. Mwenye pointi pungufu ana pia programu ya msingi ya mwaka mmoja ya Chuo Kikuu Huria, ambayo akiifaulu kwa GPA ya 3.0 humfungulia shahada. Ulizeni mapema inamfungulia zipi, maana kwa kozi za afya isitegemewe.

Mkopo. Hofu ya shemeji yako haikutoka hewani. Zamani deni lilikuwa likiongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na watu walilipa miaka na miaka wakiona deni halishuki. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Sasa kwa sehemu kubwa anadaiwa alichokopa. Marejesho kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara, hukatwa na mwajiri. Mwenye mshahara wa 900,000 hukatwa 135,000 kwa mwezi, na akiwa alikopa jumla ya milioni 12, atamaliza kwa miaka saba na nusu hivi. Ni makato yanayouma, lakini si ya maisha yote. Kwa familia yenye laki nane na mzazi mmoja, kukataa kuomba mkopo ni sawa na kukataa chuo chenyewe. Kuomba hakukulazimishi kuupokea.

Mkopo hautolewi kwa ufaulu, hutolewa kwa uhitaji uliothibitishwa kwa karatasi. Kufiwa na mzazi, ulemavu wa mwombaji au mzazi, kaya kuwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, au kusomeshwa sekondari na mfadhili ni mambo yanayohesabiwa, kila moja likiwa na ushahidi wake. Kama uko TASAF, tafuta namba ya kaya sasa. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Fomu ikishajazwa kwenye mfumo huchapishwa, ikasainiwa na mwombaji, na mdhamini mwenye kitambulisho na picha, ikagongwa mhuri na serikali ya mtaa au kijiji, kisha na hakimu au wakili, halafu kurasa zenye sahihi hupakiwa tena mtandaoni. Kosa la kila mwaka ni kurasa zilizopakiwa bila mhuri mmoja, au picha yenye ukungu isiyosomeka. Baada ya kutuma, ingia kwenye akaunti kila wiki. Bodi hutoa muda wa kurekebisha kasoro, lakini wewe ndiye unayetakiwa kuona kwamba kuna kasoro. Na namba ya kidato cha nne iwe ile ile kwenye mkopo na kwenye chuo. Zikipishana, mfumo utamwona kama watu wawili, mmoja ana chuo bila mkopo, mwingine ana mkopo bila chuo. Iwapo matokeo yatakuwa ya juu sana kuliko walivyokisia walimu, fuatilieni pia Samia Skolashipu, inayowagharimia waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi.

Laki nane yako ningeigawa hivi. Maombi ya vyuo vitatu, ambavyo vingi hutoza 10,000 kila kimoja, pamoja na ya mkopo, ni 60,000. Weka laki moja na nusu kwa wakili, RITA, picha, uchapishaji na nauli za kwenda na kurudi. Mahitaji ya JKT na nauli yake vichukue laki moja au zaidi kidogo. Inayobaki, kama laki nne na nusu, usiiguse mpaka Oktoba. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi ambayo kwa anayepata kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, haimsubiri mwanafunzi getini. Wiki za mwanzo ni za usajili, kusaini na kungoja, na chumba hudai kodi siku ya kwanza. Fedha hiyo ndiyo ya kumvusha hapo. Atakayekupigia simu akisema ana nafasi ya chuo au ya mkopo kwa laki mbili, mkatie. Malipo halali yote hupita kwenye namba ya malipo yenye jina la taasisi.

Kuhusu binti mwenyewe kubadilika kila siku, kwa umri wake si ajabu. Jioni moja kabla hajaondoka, kaeni na mwongozo wa mwaka uliopita, achague kozi sita ambazo masharti yake anayaona yanafikika, kisha kwa kila moja aeleze mwenye kazi hiyo anashinda akifanya nini kutwa. Asipoweza, amtafute mtu wa kumuuliza: mfamasia wa duka la mjini, muuguzi wa hospitali ya wilaya, bwana shamba. Kozi mbili au tatu zitajiondoa zenyewe. Kisha apange katika makundi matatu, kwa matokeo mazuri, ya kati na mabaya, na kila kundi liwe na kozi mbili na chuo chake. Akuachie karatasi hiyo ikiwa na sahihi yake. Matokeo yakitoka akiwa kambini, utajaza alichochagua yeye. TCU hupeleka maofisa kwenye baadhi ya kambi kuwaelekeza vijana, na akipata nafasi hiyo aitumie kuuliza maswali ya masharti, kwa kuwa atakuwa na orodha tayari.

Mambo mengine hayamalizwi kwa maandishi. La majina, nenda kwa wakili na RITA na vyeti vyote mkononi wiki hii. La mkopo likikwama baada ya kutuma, Bodi ina ofisi za kanda, Arusha na Dodoma zikiwemo, na kwenda na karatasi kunasaidia kuliko simu ishirini. Julai TCU huandaa maonesho ya elimu ya juu Dar es Salaam, viwanja vya Mnazi Mmoja, ambapo vyuo vyote huketi mahali pamoja. Kama una ndugu Dar, mtume na ile karatasi ya binti. Mwalimu wake wa taaluma naye bado ni wa kwake, mpigie.

Na matokeo yakiwa mabaya, mtazame binti kabla ya kutazama kozi. Huzuni ya siku kadhaa ni ya kawaida. Zikipita wiki mbili halali usingizi, hali chakula, anajifungia, au wakati wowote akitamka kwamba hana faida ya kuishi, usimwache peke yake na usingoje apoe. Mpeleke hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo na mwombe daktari amwone, au afisa ustawi wa jamii. Akiwa bado kambini, zungumza na uongozi wa kambi wakuunganishe naye kwa simu, nawe uwe wa kwanza kumwambia matokeo, pamoja na kozi mnazoombea kutoka kundi lile la tatu alilolipanga mwenyewe.